Mnada wa Shati la Prosperi

Kila mkija kunisalimu, shikamoo haijakauka mdomoni mnaniuliza lile lile: "Bibi, ni kweli ulivaa kinyago ukaingia kwenye mnada wa majambazi?" Najua mnataka kucheka. Ninyi mnaojiunga na upelelezi siku hizi mna simu na kamera, na kinyago kwenu ni kitu cha sinema. Haya, kaeni. Ni kweli nilivaa. Lakini mkitarajia kichekesho, mtaondoka hapa na nusu yake tu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinyago. Aliyenifundisha kazi ni Sajenti Kihwelo, mtu wa Iringa, mpole, mwenye sauti ya kuongozea sala. Alikuwa akiniambia, "Perpetua, watu hawamtambui askari kwa uso. Wanamtambua kwa miguu. Ficha miguu kwanza." Sikumwelewa mpaka aliponituma sokoni Moshi kukaa kama muuza ndizi, ili nimwangalie mtu fulani aliyekuwa akipitisha saa za wizi. Nilijifunga kanga mbili, nikajipaka vumbi, nikapanga mikungu yangu vizuri. Akaja mama mmoja kutoka Marangu, akaniomba ndizi za kupikia mtori, ile supu ya ndizi. Nikamchagulia zilizonona. Akazitazama, akanitazama mimi, halafu akaangua kicheko soko zima likageuka.

"We dada, hizi si kitarasa? Hizi ni za pombe, za mbege! Umetoka wapi wewe?"

Nilikuwa nimetoka kambi ya shamba la miwa, kusini mwa mji, ambako baba yangu alifika kutoka Singida kutafuta kazi. Ndizi kwetu ilikuwa ndizi tu. Nikasimama kujitetea, na nikasimama kama tulivyofundishwa kusimama mbele ya afisa: visigino pamoja, kifua mbele. Yule mwizi wa saa aliniona, akanunua karanga, akaenda zake taratibu. Sajenti hakunifokea. Aliniambia tu nikajifunze ndizi. Nikajifunza. Mpaka leo naweza kukutenganishia ndizi za mshare na za mraru nikiwa nimefumba macho, na sitembei tena kama niko gwaride. Hiyo ndiyo kazi ya askari kanzu, vijana wangu. Sare unaivua kwa dakika moja, mwendo unauvua kwa mwaka.

Sasa huyo Prosperi.

Prosperi alikuwa kijana wa Kilema, mtoto wa Mzee Aloisi, mkulima wa kahawa aliyeheshimika, mtu wa kanisani. Kijana akajiunga na kundi la kuvamia malori ya kahawa. Katika uvamizi mmoja mlinzi akauawa, na mikono iliyomuua ilikuwa ya Prosperi. Hilo mahakama ilithibitisha, na yeye mwenyewe hakulikana. Aliyemkamata ni mimi. Nilimkuta kwenye kilabu cha pombe njia ya Himo, nikamshika shati, akajaribu kuruka dirisha, wenzangu wakamdaka nje. Alihukumiwa kunyongwa, akanyongwa kwenye gereza la mbali.

Sijui kama mnalijua hili: aliyenyongwa harudishwi kwao. Serikali inamzika huko huko. Na kwa watu wa mlimani, mtu hulazwa kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, migombani, karibu na babu zake. Asiyelazwa kihambani ni kama bado yuko njiani.

Mzee Aloisi alikuja kituoni asubuhi moja amevaa koti lake la kanisani, ameshika kofia mkononi. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasema, "Nimekuja kumchukua kijana."

Nilimweleza. Nilieleza taratibu, maana sheria ile ni ngumu hata kwa anayeisema. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtu anayeomba maji ya kunywa: "Basi hata kitu chake? Hata shati alilokuwa amevaa?"

Shati lilikuwa kielelezo kwenye kesi. Kesi ilikwisha. Nikaona hilo laweza kuombewa kibali, nikamwambia asubiri kwenye benchi, nikaenda stoo ya vielelezo. Shati halikuwepo. Nikatafuta rafu ya juu na ya chini, nikamwita Sajenti, tukatafuta wote wawili. Kadiri tulivyotafuta shati ndivyo tulivyogundua vingine ambavyo havipo: mkanda wa jambazi mmoja wa zamani, panga lililokuwa kwenye kesi ya mauaji ya kule Rau, na kitu kilichotukausha mate kabisa, bunduki iliyokatwa mtutu.

Bunduki hiyo ndiyo iliyomuua muuza duka wa Soweto, hapa hapa mjini. Mshitakiwa alikuwa rumande, kesi ikisubiri kusikilizwa, na ushahidi mkubwa ulikuwa ile bunduki. Mjane wa muuza duka alikuwa hachoki kuja kutuuliza kesi imefika wapi. Bila bunduki, aliyemuua mumewe angetoka na kupita mbele ya duka lake akipiga mluzi.

Nikarudi kwa Mzee Aloisi nikamwambia shati halijaonekana. Ukweli wenyewe. Lakini niliona usoni mwake kwamba hakuniamini. Alivaa kofia, akasema, "Ahsante, mama askari," akatoka.

Nani huiba shati la mtu aliyenyongwa? Tuliumiza vichwa. Jibu likaja kutoka Holili, mpakani. Ilikuwa miaka ile kahawa ilipopanda bei, kila lori likawa linatamani kulala Kenya. Pale kizuizini alikamatwa na kahawa ya magendo dereva mmoja jina lake Tumaini, na kwenye kebini ya lori lake, juu ya usukani, ulikuwa umening'inia ule mkanda wetu uliopotea.

Mimi na Sajenti tulikaa naye. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye aibu. Akasema mkanda ni kinga.

"Kinga ya nini?" Sajenti akamuuliza.

"Yule mtu alitoroka polisi mara nyingi, afande. Ukivaa kitu chake, polisi hawakuoni."

"Na sisi tumekuonaje?"

Tumaini akafikiri sana. "Labda kwa sababu niliutundika, sikuuvaa."

Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya mwisho katika kesi hiyo. Tumaini akatuambia yote. Kulikuwa na mtu anaitwa Desideri, aliyewahi kuwa mhudumu wa hoteli, mtu wa maneno matamu, ambaye sasa aliwauzia wageni vinyago na ngozi. Aligundua kwamba kuna watu wanaolipa vizuri zaidi kwa vitu vya wauaji. Wengine walikuwa wageni wanaopenda kuweka mambo ya kutisha kabatini. Wengine walikuwa watu wetu wa magendo, wanaotaka kinga. Aliwakusanya kwenye banda la zamani la kukaushia kahawa, kwenye shamba la mzungu lililochukuliwa na serikali na kusahaulika, huko juu kwenye miteremko. Shamba hilo bado lilikuwa na mizinga ya nyuki. Basi wanunuzi wote walikuja wamevaa kama warina asali: kofia ya pama yenye wavu mpaka kifuani, koti refu, glavu, buti za mpira. Akipita mtu njiani, ataona watu wa nyuki. Na ndani, hakuna aliyemjua jirani yake. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusema. Ukitaka kitu, inua mkono.

Mnada uliofuata ulikuwa Jumapili, saa za misa, watu wakiwa makanisani. Tumaini alikuwa na nafasi yake. Na vazi lake lilikuwa nyumbani kwake, limekunjwa chini ya kitanda.

Sajenti akanitazama, akamtazama Tumaini, akanitazama tena. Tulikuwa kimo kimoja. Nawashukuru wanaume wafupi wote wa nchi hii.

Siku zilizobaki sikujifunza kitu kingine ila Tumaini. Nilimtembeza uani kwa Sajenti, mbali na macho ya watu wa stoo, nikimfuata nyuma. Alikuwa akitupa mguu wa kushoto kidogo nje, kwa sababu ya miaka ya kukanyaga klachi, na akisimama aliegemea upande mmoja kama anayesubiri abiria. Nikaenda pia kwa mzee mmoja mfuga nyuki wa Old Moshi, akaniambia nisioge na sabuni ya manukato siku hiyo, nyuki hawaipendi. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Lakini anayejifanya mrina asali kisha anakimbia nyuki amekwisha kujitangaza.

Mpango ulikuwa rahisi. Wenzangu wangejificha chini kidogo, kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa mlimani, ambako migomba ilikuwa mizito. Hatukuwa na redio za mkononi. Bunduki ikishatolewa hadharani, ningefungua dirisha la banda na kutundika wavu wangu nje. Kabla ya hapo, hata kama paa lingeanguka, nisifanye kitu. Inspekta wetu alirudia hilo: "Tukiingia mapema, bunduki itabaki ilikofichwa, na hatutaiona tena."

Nilipewa fedha za serikali zilizotiwa alama, ili niweze kupanda dau na nisionekane mtazamaji.

Jumapili ikafika. Nilipanda njia ya shamba nikitupa mguu wa kushoto. Kengele za kanisa zilisikika kutoka mbali, na mlima ulikuwa wazi, theluji iking'aa juani. Mlangoni nilionyesha kipande cha nta cha Tumaini, chenye alama ya Desideri, nikapita. Ndani tulikuwa watu wapatao kumi na kitu, tumekaa kwenye magunia matupu, kila mmoja nyuma ya wavu wake. Nilichagua gunia lililo karibu na dirisha. Vijana wangu, mtu anayesema hakuogopa ni mwongo. Wavu unakuficha, lakini pia unakufungia na pumzi yako mwenyewe. Nilikuwa nasikia moyo wangu kama mtu anayetwanga nyumba ya pili.

Desideri peke yake alikuwa uso wazi. Alivaa suti, na alizungumza kama padre. Akatoa panga la Rau, akasimulia alivyouawa mtu nalo, hatua kwa hatua, na sauti yake ilikuwa na utamu fulani uliokuwa mbaya kuliko panga. Mikono ikainuka. Panga likaenda. Aliyenunua alipewa hapo hapo, na alikuwa huru kuondoka nalo kwa mlango wa nyuma.

Kisha akatoa shati. Lilikuwa la kijani lenye mistari. Nililitambua mara moja.

"Hili," akasema Desideri, "ni la Prosperi wa Kilema, alilovaa siku aliyokamatwa."

Mkono ukainuka mbele yangu, wa mtu mmoja mnene. Wenzake walivaa buti, yeye alivaa viatu vya ngozi vya kahawia. Kisha mkono mwingine, kwenye kona. Mnene tena. Kona tena. Mnene tena. Na hapo mtu wa kona akasimama, akavua kofia na wavu, akaviweka chini.

Alikuwa Mzee Aloisi.

"Vaa wavu wako, mzee," Desideri akasema.

"Sina sababu ya kujificha. Mimi ni baba yake."

Watu wakajisogeza kwenye magunia yao. Mzee akawageukia, uso baada ya uso usioonekana. "Mimi siwajui. Nimeuza ng'ombe wangu wa maziwa, na fedha yenyewe ni hii, sina nyingine. Sitaki kinga. Nataka shati tu, mama yake apate kitu cha kuzika. Nawaomba mshushe mikono."

Desideri hakushtuka hata kidogo. Nikaelewa kwamba ndiye aliyempelekea Mzee habari, ili dau lipande. Akamwachia aseme, kisha akatabasamu, akauliza, "Kuna zaidi?"

Mnene akainua mkono.

Nilikuwa na nafasi ya kufikiri kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Nikifungua dirisha sasa, shati litapona, bunduki itapotea, na mjane wa Soweto atapotelewa na kesi yake. Nikikaa kimya, mnene atatoka na shati kwa mlango wa nyuma, na huenda wenzangu wasimwone. Nikainua mkono. Mnene akainua. Nikainua tena, na tena, mpaka viatu vya kahawia vikakanyagana kwa hasira na mkono wake ukashuka. Desideri akaniletea shati mapajani. Glavu zangu zilikuwa nene, sikuhisi hata kitambaa.

Mzee Aloisi akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Akachuchumaa, kwa shida, maana magoti yalikuwa yamechoka.

"Bwana," akasema kwa sauti ya chini, "chukua fedha za ng'ombe wangu, nipe shati. Kama hazitoshi, nina kahawa mtini. Utakuja kuvuna mwenyewe."

Sikuweza kujibu. Sauti yangu ni ya mwanamke. Neno moja tu na kila kitu kingekwisha, na mnunuzi anayeachia kinga aliyoipigania hivyo angeshukiwa mara moja. Nikatikisa kichwa.

Akanitazama kupitia ule wavu kama anayetaka kuona kama nyuma yake kuna mtu. "Una watoto?" akauliza.

Nikainamisha kichwa.

"Basi Mungu akulipe," akasema, akainuka. Nimetukanwa mengi katika kazi hii, na wengine wamenitishia kisu. Hakuna lililonipata kama neno lile, ambalo mtu asiyejua Kiswahili chetu angeweza kudhani ni baraka.

Hakutoka. Alirudi kwenye kona yake akakaa, uso wazi, macho kwangu. Vikapita vitu viwili ambavyo leo siwezi hata kuvikumbuka. Kisha Desideri akatoa kitu kilichofungwa kwenye gunia, akakifungua polepole. Bunduki iliyokatwa mtutu. Niliijua kwa waya uliozungushwa kwenye kitako.

Nikasimama, nikasukuma dirisha, nikavua kofia na wavu, nikavitundika nje.

Mengine yalikwenda haraka. Desideri alipiga kelele, watu wakagombania mlango wa nyuma, wakakutana na wenzangu waliolowa mpaka kiunoni. Mnene alijitupa nje kupitia dirisha la upande wa pili, akaangukia mzinga wa nyuki. Huyo hakuhitaji kukimbizwa, alikuja mwenyewe akituomba tumkamate. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya Desideri bunduki, nimeishika kwa mikono miwili na shati nimelibana kwapani. Nilipogeuka, Mzee Aloisi alikuwa bado amekaa pale pale.

"Wewe tena," akasema.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. Hakuitikia.

Inspekta alitaka ashitakiwe pamoja na wanunuzi wengine. Kisheria alikuwa na hoja. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia kwamba yule mzee ndiye mtu pekee mle ndani aliyekuja uso wazi, na kwamba kama tungekuwa tumelitunza shati kama ilivyotupasa, asingekuwa na haja ya kuuza ng'ombe wake. Sajenti Kihwelo akakohoa nyuma yangu, na kikohozi cha Sajenti kilikuwa na uzito kituoni pale. Mzee akafanywa shahidi.

Desideri alifungwa. Mwenzetu aliyekuwa akimtolea vitu stoo alifungwa pia; tulikuwa tumekunywa naye chai miaka mingi, na siku alipopita mbele yetu na pingu hakuna aliyeweza kuinua macho. Kumbukeni hilo mkikabidhiwa ufunguo. Kesi ya Soweto ikasikilizwa, bunduki ikawekwa mezani, na mjane akasikia hukumu kwa masikio yake mwenyewe.

Likabaki shati. Mahakamani hakimu aliuliza ni la nani, maana aliyeliuza alikuwa mwizi, aliyelinunua ni serikali, na aliyelivaa amekufa. Mzee Aloisi alisimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, mtoto ni wangu," akasema. "Mabaya yake yote niliambiwa ni ya kwangu, kanisani na njiani, na sikukataa. Basi na shati ni langu."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaamuru arudishiwe, na akaelekeza polisi walipeleke wenyewe mpaka nyumbani.

Nilikwenda mimi. Sajenti alijitolea, nikamkatalia. Ilikuwa masika, Landrova ikakwama chini ya Kilema, nikapanda kwa miguu nikiwa nimevaa sare, shati limefungwa kwenye karatasi ya kaki chini ya koti la mvua. Sikutaka kuingia uani mwao nimejificha ndani ya kanga.

Mzee alinipokea mlangoni. Safari hii nilipompa shikamoo aliitikia, "Marahaba." Akalichukua shati kwa mikono miwili akampelekea mkewe, aliyekuwa amekaa jikoni karibu na moto, kisha akachukua jembe akaenda migombani.

Mama Prosperi aliifungua karatasi mapajani, akalikunjua shati, akalinusa. Alikaa nalo usoni muda mrefu. "Linanuka stoo," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akalipitishia vidole, kola, vifungo, mikono, kama anavyokaguliwa mtoto anayekwenda shule. Akafika kifuani, akasimama. "Mfuko umechanika."

Ningeweza kunyamaza. "Niliuchana mimi, mama. Siku ile ya kumkamata."

Alinitazama. Nje nilisikia jembe likipiga udongo wenye maji. Sikujua atafanya nini, na nilikuwa tayari kwa lolote. Akanyoosha mkono kwenye kibao cha ukutani, akachukua kikopo, akatoa sindano na kidonge cha uzi mweupe, akanipa vyote viwili.

"Nitungie uzi," akasema. "Macho yangu hayaoni tena. Na hawezi kwenda hivi."

Nilijaribu nikashindwa, nikajaribu tena. Mwishowe uzi ukapita, nikafunga fundo, nikamrudishia. Akaanza kushona. Mzee akaja akasimama mlangoni, miguu imejaa tope, shimo likiwa tayari, na hakumharakisha. Alishona taratibu sana, vishono vidogo vidogo, kama mtu anayejua kwamba akimaliza hapo, hana tena la kumfanyia mwanawe.